Protini na Kile Kinachoandamana Nayo

Ushauri unaosambaa siku hizi katika makundi ya WhatsApp, saluni na vikao vya vikoba ni mfupi: acha ugali, acha wali, kula nyama, mayai na kuku, mwili utapungua wenyewe. Wanaoutoa husema protini hainenepeshi mtu, na wengine wana ushahidi wa kuonyesha, kwa kuwa baada ya mwezi mmoja gauni lililokuwa likibana limeanza kulegea. Lakini tafiti kubwa zilizofuatilia mamia ya maelfu ya wanawake kwa miaka mingi zimekuta jambo linaloelekea kinyume: waliokula protini nyingi itokanayo na nyama ndio walioongezeka uzito zaidi kadiri miaka ilivyopita.

Mtu akisikia haya mawili kwa siku moja, ana haki ya kuchanganyikiwa. Mimi kama mtaalamu wa lishe naona yote mawili yana ukweli, na yanapatana mara tu tunapoacha kuizungumzia protini kana kwamba inafika mezani peke yake. Haifiki peke yake hata siku moja. Ya nyama inakuja na mafuta ya mnyama pamoja na mafuta ya kukaangia. Ya maharage inakuja na nyuzinyuzi na maji mengi. Ya dagaa inakuja na mifupa midogo iliyojaa kalsiamu. Linapokuja suala la uzito wa mwanamke, hicho kinachoandamana na protini huamua mambo mengi kuliko gramu za protini zenyewe.

Suala hili si la wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu nchini Tanzania wa mwaka 2004-05 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Mwaka 2010 walikuwa 22, na mwaka 2015-16 wakafika 28. Kenya ilitoka 25 katika utafiti wa 2008-09 hadi 33 katika ule wa 2014. Nyuma ya namba hizi kuna kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu, magoti yanayouma kabla ya wakati na mimba zenye matatizo. Ndiyo maana naumia nikiona swali zito hivi linajibiwa kwa kauli mbili za kwenye simu.

Kwanza tuitendee protini haki yake, maana sifa zake nyingi ni za kweli. Mwili hutumia nguvu kukisaga na kukichakata chakula chochote, lakini protini huugharimu zaidi. Katika kila kilokalori 100 zinazoingia kama protini, kati ya 20 na 30 huishia katika kazi hiyo. Kwa wanga ni kama 5 hadi 10, na kwa mafuta haizidi 3. Tena protini hushibisha. Ikifika utumbo mwembamba huchochea homoni zinazouambia ubongo kwamba chakula kimetosha, na shibe hiyo hudumu kuliko ile ya mkate mweupe na chai ya sukari. Zaidi ya hapo, anayepunguza chakula ili apungue mwili hupoteza mafuta na misuli kwa pamoja, na protini ya kutosha husaidia kuilinda misuli.

Kuna nadharia moja inayoeleza jambo hili vizuri kuliko zote ninazozijua. Mwaka 2005 wanasayansi wawili, Stephen Simpson na David Raubenheimer, waliokuwa wameanza kwa kuchunguza nzige, walipendekeza kwamba hata binadamu hula hadi apate kiasi fulani cha protini. Chakula kikiwa na protini chache, mtu huendelea kula, na katika kuitafuta protini hujikuta amebeba wanga na mafuta asiyoyahitaji. Mwaka 2011 kundi la watafiti huko Sydney lilijaribu hoja hiyo kwa watu 22 wembamba. Waliwapa vyakula vilivyofanana kwa ladha, ila safari moja protini ilikuwa asilimia 15 ya nguvu yote ya chakula na safari nyingine ilikuwa asilimia 10. Protini ilipopunguzwa, walaji waliongeza kalori kwa asilimia 12 ndani ya siku nne, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilitokana na vitafunwa vya kati ya milo.

Hebu tuilete hesabu hiyo jikoni kwetu. Mwanamke mwenye kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 za protini kwa siku, kwa kipimo cha gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili kilichotolewa na mashirika ya Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Sembe ina gramu 7 hivi za protini katika kila gramu 100 za unga. Akitegemea ugali wa sembe na mchuzi wa nyanya peke yake, itambidi ale gramu 700 za unga ili kuzifikia gramu 50. Huo ni ugali wa karibu kilokalori 2,500, ilhali mwanamke wa kimo cha kawaida, mwenye kazi zisizo nzito sana, hutosheka na kilokalori 2,000 hivi, wakati mwingine pungufu. Kwa muhogo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu unga wake una gramu 2 au chini ya hapo katika kila gramu 100. Hapo hata akila mchana na usiku hafiki. Nikimwona mama ambaye kila siku chakula chake ni ugali mkubwa na mboga kidogo, halafu anaambiwa kwamba ni mlafi, naikumbuka hesabu hii. Mwili wake unadai kitu ambacho sahani yake haina.

Sasa mwekee mama huyo vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa kwa siku, kimoja mchana na kimoja usiku. Kila kikombe kina karibu gramu 15 za protini na kilokalori 225. Gramu 30 zimepatikana kwa kilokalori 450, na zilizobaki zitatoka kwenye ugali wa kiasi, mboga za majani na labda yai moja. Ugali umepungua bila mtu kumkataza. Hapa wale wanaosifu protini wana hoja, nami niko upande wao.

Tatizo linaanza pale neno protini linapogeuzwa kuwa jina jingine la nyama. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu 89,432, wanaume kwa wanawake, kutoka nchi tano za Ulaya, ambao walifuatiliwa kwa wastani wa miaka sita na nusu. Waliokula protini nyingi ya wanyama waliongezeka uzito zaidi, na uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Watafiti walipoigawa protini hiyo kwa asili yake, waligundua kwamba iliyohusika hasa ni ya nyama nyekundu, nyama za viwandani kama soseji, na kuku. Ya samaki na ya maziwa haikuonyesha mwelekeo huo. Ya mimea haikuhusiana na mabadiliko ya uzito kabisa. Mwaka mmoja kabla yake, uchunguzi mwingine wa mradi huohuo wa Ulaya, uliokuwa na wanawake zaidi ya 270,000, ulikadiria kwamba kuongeza gramu 250 za nyama kwa siku kungemwongezea mtu kilo 2 katika muda wa miaka mitano, hata baada ya watafiti kuzingatia tofauti za jumla ya kalori.

Marekani nako kuna uchunguzi mashuhuri wa wauguzi wanawake, ulioanza mwaka 1976 na wauguzi 121,700. Mwaka 2015 data zake ziliunganishwa na za tafiti nyingine mbili, jumla ya watu zaidi ya 120,000 waliofuatiliwa kwa miaka 16 hadi 24. Nyama nyekundu na nyama za viwandani zilikwenda pamoja na kuongezeka uzito. Mtindi, samaki, karanga na kuku aliyetolewa ngozi vilikwenda pamoja na uzito kupungua au kuongezeka kidogo tu. Lililonigusa zaidi katika matokeo hayo ni habari ya mayai na jibini: waliovila pamoja na wanga uliokobolewa waliongezeka, na waliovila huku wakipunguza wanga wa aina hiyo hawakuongezeka. Yai ni lilelile, jirani yake kwenye sahani ndiye aliyebadilika.

Msomaji makini atauliza kama tafiti za namna hii zinathibitisha kwamba nyama ndiyo iliyosababisha unene. Hazithibitishi. Mtu anayekula nyama nyingi Ulaya mara nyingi ana tabia nyingine pia, kama kunywa pombe zaidi, kutembea kidogo na kula mboga chache, na watafiti hawawezi kuzichuja zote. Kwa kuku kuna mtego mwingine: mwanamke anayejiona ananenepa huenda ndiye anayeacha ng'ombe na kuhamia kuku, na hapo kuku ataonekana ameleta unene ambao ulikuwa njiani tayari. Kwa hiyo tunahitaji majaribio, ambamo watu hugawiwa vyakula kwa bahati nasibu.

Majaribio yapo, nayo yanatufundisha unyenyekevu. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya jaribio la miaka miwili kwa Wamarekani 811 wenye uzito uliozidi. Wengine walipangiwa mlo wenye protini asilimia 15, wengine asilimia 25. Mwisho wa miaka miwili waliopungua walikuwepo pande zote mbili, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Kilichotenganisha waliofanikiwa na walioshindwa ni kushikamana na mpango, kuliko asilimia ya protini. Mwaka uliofuata jaribio jingine katika nchi nane za Ulaya, kwa watu 773 waliokuwa wameshapungua, lilionyesha kwamba protini ikiongezwa kiasi, pamoja na wanga usiopandisha sukari ya damu kwa haraka, watu huulinda vizuri zaidi uzito walioufikia. Na mwaka 2016 majaribio 21 ya vyakula vya jamii ya kunde yalijumlishwa: kula kiasi cha bakuli moja kwa siku kwa wiki sita hivi kulileta upungufu wa gramu 340, hata katika mipango ambayo haikukusudia kumpunguza mtu. Ni kidogo. Naitaja kwa sababu ni kweli, na kwa sababu atakayekuambia kwamba maharage yatakutoa kilo 10 kwa mwezi anakudanganya sawasawa na muuzaji wa vidonge.

Basi kauli zile mbili za mwanzo zinapatana hivi. Kwa wiki na miezi, protini hushibisha na mtu hula kidogo. Kwa miaka, inayobaki ni mazoea, na mazoea ya kula nyama kila siku huleta mafuta, chumvi na nguvu nyingi katika tonge dogo, kuliko shibe ya protini inavyoweza kufidia. Maharage, mbaazi, kunde, choroko na dengu huleta shibe ya aina mbili kwa pamoja, ile ya protini na ile ya nyuzinyuzi, ndani ya chakula chenye maji mengi kinachochukua nafasi tumboni. Ndiyo maana sijawahi kukutana na mtu aliyenenepa kwa maharage ya kuchemsha.

Nasema ya kuchemsha kwa makusudi. Jikoni ndiko mambo yanakoharibikia, na mafuta ndiyo mkosaji anayesahaulika. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina karibu kilokalori 120, yawe ya alizeti, ya mawese au ya korie. Mayai mawili yana gramu 12 za protini kwa kilokalori 150 hivi, kiasi kizuri sana cha kuanzia siku. Yaleyale mawili yakimiminwa juu ya viazi vilivyotoka kwenye karai la mafuta, yakakaangwa tena kwa vijiko vingine, tunapata chipsi mayai, mlo unaopendwa kuliko mingi mijini kwetu, ambao mayai ndani yake ni sehemu ndogo ya nguvu yote. Msichana wa chuo anayeula kila jioni huamini kwamba amekula protini. Amekula mafuta na wanga, na protini imepita hapo kama mgeni.

Pwani nako kuna la kusema kuhusu tui. Mbaazi za nazi asubuhi ni chakula chenye heshima kamili kwa upande wa protini, lakini zikipikwa kwa tui zito la nazi mbili na kuliwa na mahamri manne yaliyokaangwa, kilichobaki cha mbaazi kwenye mlo huo ni jina. Pika kwa tui jepesi, tui zito weka kidogo mwishoni kwa ajili ya harufu, na badala ya mahamri yote manne kula moja, kisha ongeza mbaazi. Ladha haipotei. Mseto wa choroko na mchele uko hivyohivyo: ukizidisha choroko juu ya mchele unapata mlo tofauti kabisa na ule ambao choroko ni mapambo.

Kuna hoja ya zamani kwamba protini ya mimea haijakamilika. Ina msingi wake. Protini hujengwa na asidi amino, na tisa kati yake hatuwezi kuzitengeneza wenyewe. Mahindi yana upungufu wa laisini na triptofani. Maharage yana laisini tele, lakini methionini yake ni chache, na mahindi yanayo. Ukivipika pamoja, kimoja kinajaza pengo la kingine. Wapare, Wasambaa na Wachaga waliokula makande vizazi na vizazi, na Wakikuyu kwa githeri yao, walikuwa wamekwisha kulitatua tatizo hili kabla maabara yoyote haijalipa jina. Wala si lazima viliwe katika sahani moja, mradi vyote vimepatikana ndani ya siku. Nakerwa sana ninaposikia makande yakiitwa chakula cha shule ya bweni au cha wasio na uwezo. Kwa mwanamke anayeuchunga uzito wake ni vigumu kukitungia mshindani, kama mahindi hayajazidi maharage na mafuta hayajamwagwa.

Dagaa wanastahili aya yao. Wawe wa Kigoma, wa Mwanza au wa bahari, wakishakauka zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Gramu 30, yaani konzi moja tu, zina protini ya kutosha kushindana na kipande kizuri cha nyama, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao wanaleta kalsiamu ambayo mifupa ya mwanamke itaidai atakapovuka miaka 50. Ni protini ya wanyama, ina asidi amino zote, na haibebi mafuta ya mbuzi wa kuchoma. Tahadhari ni mbili: chumvi na kukaanga. Waoshe kwa maji ya moto, wachemshe na nyanya, kitunguu na bilinganya au mchicha, na mafuta yasizidi kijiko.

Karanga ni kisa kingine. Gramu 100 zina kilokalori zaidi ya 560, na kwa namba hiyo mtu angeziogopa. Hata hivyo katika tafiti za muda mrefu walaji wa karanga na njugu hawanenepi kama hesabu inavyotabiri, kwa sababu zinashibisha sana na sehemu ya mafuta yake hupita utumboni bila kufyonzwa. Konzi moja ya karanga za kuchemsha au kukaanga kavu saa kumi jioni ni bora mara nyingi kuliko andazi. Chagua zilizo safi na kavu, tupa zilizosinyaa au zenye ukungu, kwani sumukuvu haionekani kwa macho baada ya kusagwa.

Kwa haya yote simwambii mwanamke aache nyama. Utafiti ule wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wana upungufu wa damu, na madini ya chuma yaliyo kwenye nyama nyekundu, maini na damu ya mnyama hufyonzwa mwilini kwa urahisi kuliko yale ya mimea. Mwanamke anayepata hedhi nzito, au aliyezaa watoto waliofuatana kwa karibu, anaweza kuwa mnene na akawa na upungufu wa damu kwa wakati mmoja, na hali hiyo tunaiona kila siku. Kwake nyama kidogo, iliyopunguzwa mafuta, mara mbili au tatu kwa wiki, ikipikwa ndani ya maharage au mboga, ina faida mbili: inaleta chuma chake, na inasaidia chuma cha maharage kufyonzwa. Limao, pilipili hoho, nyanya mbichi au chungwa pembeni ya sahani hufanya kazi hiyohiyo kwa sababu ya vitamini C. Chai ya rangi inayonywewa na chakula hufanya kinyume, inakizuia chuma. Inywewe saa moja au zaidi baada ya kula.

Umri nao una neno. Kuanzia miaka ya 30 na kitu misuli huanza kupungua taratibu, na hedhi inapokoma, kushuka kwa estrojeni huharakisha jambo hilo na kuyahamishia mafuta kutoka mapajani kwenda tumboni. Misuli ikipungua, nguvu ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika hupungua pia. Mama wa miaka 55 anaponiambia kwamba anakula kilekile alichokula akiwa na 30 na bado ananenepa, namwamini. Mahitaji yake ya kalori yameshuka, lakini mahitaji yake ya protini hayajashuka, na wataalamu wengi wa wazee hupendekeza yapande kidogo. Kwa hiyo kinachopaswa kupungua kwenye sahani yake ni wanga na mafuta, na protini ibaki, igawanywe asubuhi, mchana na jioni, iende pamoja na kazi inayoitumia misuli: kubeba, kupanda ngazi, kulima. Uchunguzi wa wauguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024, wenye wanawake zaidi ya 48,000, ulikuta kwamba waliokula protini nyingi zaidi ya mimea wakiwa na umri wa kati waliingia uzeeni wakiwa na afya bora kuliko wenzao, na protini ya mimea ilishinda ile ya wanyama katika jambo hilo. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini ya aina yoyote kabla ya kuongea na daktari wake.

Ningependa sana kuwaletea majaribio ya lishe yaliyofanywa kwa wanawake wa kwetu. Mwaka 2025 lilichapishwa jaribio zuri kutoka mkoa wa Kilimanjaro. Vijana 77 walishiriki: baadhi ya wa vijijini walipewa vyakula vya mtindo wa Kimagharibi kwa wiki mbili, na baadhi ya wa mjini wakapewa vyakula vya asili vyenye ndizi, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa na jamii ya kunde. Waliohamia Umagharibi, damu yao ilionyesha mwelekeo wa uchochezi unaohusishwa na magonjwa yasiyoambukiza; waliorudi kwenye vyakula vya asili walipata mwelekeo wa kinyume. Lakini wote 77 walikuwa wanaume. Wanawake, ambao ndio wanaoongoza kwa unene hapa nchini na ndio wanaopika vyakula hivyo, bado wanasubiri jaribio lao.

Kinachowatenga wengi na maharage si kutojua, ni gesi tumboni na bei ya mkaa. Gesi hutokana na aina fulani ya sukari ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga, ikafika kwenye utumbo mpana na kuliwa na bakteria. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, suuza, kisha pika kwa maji mapya. Sehemu kubwa ya sukari hiyo itakuwa imekwenda na maji, na muda wa jikoni utapungua sana. Magadi hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1, kwa hiyo kulowekwa ni bora. Anayeanza aanze na nusu kikombe kwa siku, aongeze baada ya wiki moja au mbili. Tumbo huzoea. Choroko na dengu za kupasuliwa huiva upesi na husumbua kidogo, nazo zinamfaa anayeishi chumba kimoja na jiko la gesi.

Limebaki jambo moja linalozungumzwa kwa sauti ya chini. Katika nyumba nyingi finyango za nyama zinahesabiwa, na mkubwa wa nyumba hupakuliwa kwanza, halafu wageni, halafu watoto wa kiume. Mama aliyezipika hubaki na mchuzi na ukoko wa ugali, na akishikwa na njaa saa tisa alasiri hula mkate na chai yenye sukari nyingi. Mwaka mzima wa kula hivyo humnenepesha mtu na kumpunguzia damu kwa pamoja, kisha huambiwa ajizuie. Jamii yetu humkumbuka mama akiwa mzazi tu. Zile siku 40 hupikiwa mtori, supu na uji, tena kwa wingi uliozidi, na baada ya hapo anarudi mwisho wa foleni wakati bado ananyonyesha na anahitaji gramu 19 za ziada za protini kila siku katika miezi sita ya kwanza. Gramu hizo ni kikombe kimoja cha maharage na yai moja la kuchemsha. Anayepakua azitenge kwanza, na wengine wafuate.